Mgongo Uliopona kwa Barua

Kwa miaka sita, kila Glenys, mpishi mkuu wa shule ninapofanya kazi jikoni hapa Burnley, Uingereza, aliponiomba niongeze saa za kazi, nilishika kiuno: "Mgongo, mwenzangu!" Uongo mtupu. Ningepata hata pauni moja juu ya kiwango cha mapato kilichowekwa na serikali, wanangu wangenyimwa chakula cha bure cha shule.

Leo barua imefika: kiwango kimepandishwa! Nikaingia jikoni nikicheza, barua mkononi.

"Glenys, nipe saa zote ulizo nazo!"

"Na mgongo?"

"Umepona kwa barua ya serikali!"

Akacheka hadi machozi. Kisha akanisukumia sufuria kubwa ya viazi, ile aliyonibebea miaka yote sita kwa kunihurumia.

"Haya, mgonjwa. Beba. Na yangu pia."