Bibi wa Kichina Halii

…na wewe unayebisha, nyamaza kwanza usikilize, alisema Veridiana moyoni bila kujua anamgombeza nani, labda yule mama mhariri wa mji wa Columbus anayeongea kwenye simu kana kwamba ana karanga mdomoni, unabisha nini na hujawahi kubaki mahali, bibi kizee anaweza kuachwa kwenye dunia isiyo na jua na asitoe hata chozi, inawezekana kabisa… lakini alikuwa ameambiwa asitikisike, basi alitulia kwenye kiti cha jikoni, koti la theluji juu ya kitenge, kofia ya sufu mpaka masikioni, nyumbani humuhumu na hita inawaka, jasho linamtiririka mgongoni kama anachoma mahindi, na mjukuu wake Angelika anamchora, jicho moja kwake, jicho moja kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, "Bibi, usitafune," na yeye hatafuni kitu, ni meno tu yanajipanga. Kazi gani hii, kuchukua hadithi za Wachina, zile za nyota na vyombo vya kuruka angani, kuzigeuza vitabu vya picha, na kila bibi kizee wa China anapewa pua ya Veridiana wa mji wa Buffalo, huku ughaibuni… Maneno anayafasiri Jovini, Mrundi mwenzao aliyepelekwa kusoma China akarudi na Kichina chote kichwani, na sasa yuko Louisville, kule South End, anapakia maboksi ghalani, jioni ndiyo anafasiri, naye yumo kwenye simu hiyohiyo, anapiga miayo. Siku Angelika alipomsimulia hadithi hii kwa mara ya kwanza, jua linazimika, watu wanaitwa kwenye mahojiano, wanapimwa mapafu, majina yanabandikwa ubaoni, wanapandishwa chomboni mmoja mmoja na mfuko mmoja kila mtu, bibi mmoja jina lake limo na hapandi, Veridiana aliuliza tu ni kambi gani hiyo, na mbona redioni hawajaisema, halafu akaipeleka kwenye kikundi cha maombi, na akina mama wa mtaani kwao, Lower West Side, wakafunga, wakawaombea Wachina walioachwa gizani, kwa machozi kabisa, mpaka Angelika aliposikia akacheka akakaa chini sakafuni, Bibi, ni hadithi, ni mambo ya kubuni, haya, ya kubuni, na mahojiano je, na mapafu, hayo nayo wamebuni… watu wameombewa, hasara iko wapi, Mungu atajua pa kuyapeleka maombi hayo. Columbus, yule mhariri, bado inaongea. Kiingereza cha Veridiana ni cha basi na cha kliniki, lakini neno la kulia analijua, na limerudi tena na tena, msomaji ataona bibi ana roho ya jiwe, msomaji atataka sababu, ukurasa wa mwisho lazima alie, ama basi apande chombo na wenzake, moja kati ya hayo, la sivyo kitabu hakiendi kiwandani kuchapwa. "Kwenye Kichina hakuna chozi," Jovini alisema kwa Kiswahili, pole pole, kama anayeshusha boksi zito, "pameandikwa akaingia ndani. Basi. Sina la kuongeza, dada." Na Angelika, huyu mtoto aliyepigania kila picha miezi yote hii, sasa sauti imelegea, "Naweza kuweka moja," anamwambia mhariri, chozi moja, kama anayeonja chumvi… moja la nini, la nani, mtu anabubujika au habubujiki, Bamurange hakububujika. Hilo jina limetoka wapi. Bamurange, dada yake, kule Mtabila, kambi ya wakimbizi, asubuhi ya basi la kwenda uwanja wa ndege, majina yote mawili ubaoni, mahojiano wamefanya pamoja, mapafu yote mazima, na asubuhi hiyo anasema siendi, hivihivi, maharage yako motoni, siendi, na basi linanguruma, Veridiana yuko dirishani, Angelika mapajani ana miaka mitatu anapunga mkono kama kichaa, na yule mwanamke anageuka, anawapa mgongo, anaingia, anavuta bati la mlango, paa, na basi halijang'oa hata gurudumu moja… Kiburi, alisema Veridiana miaka yote, aliwaambia wote kanisani, dada yangu alikuwa na kiburi, hata mkono hakuniinulia. Jasho liliingia jichoni, hakulifuta. Sasa, angesimama pale uani, ncha ya kitenge machoni, mabega yanatikisika, mimi Veridiana ningekaa kwenye kile kiti? Ningeshuka. Na mtoto ningeshuka naye, na mfuko, na makaratasi yote ningewarudishia wenyewe, tungekuwa huko mpaka leo, au tusingekuwa popote. Na alinijua, mshenzi yule, alinijua tangu tunalala mkeka mmoja, alijua mimi ni wa kushuka.

"Mwambie hapana."

"Bibi, usitikisike."

"Mwambie huyo mama, huyo bibi wa Kichina akilia, chombo hakiondoki."

"Kwa nini?"

"Walio ndani watashuka. Wewe mwenyewe ungeshuka, na hiyo kalamu yako."

Angelika aliweka kalamu mezani. Columbus ilitaka kujua bibi anasema nini, kuna tatizo lolote… "Mfasirie," Jovini alisema kutoka Louisville, na usingizi wote umemtoka, "usipomfasiria nitamfasiria mimi, na mimi sina adabu." Mtoto akavuta pumzi, akaketi wima, akaanza, kwa kile Kiingereza chake cha haraka, na Veridiana alisikia mle ndani neno la kukataa, mara mbili, likiwa na mifupa, na mhariri akajibu kitu kirefu, na mtoto akakataa tena. Vema. Wataendelea hivyo mpaka supu ipoe, wala hakuna aliyeshinda bado, lakini yeye alikuwa amemaliza kukaa. Akainuka, magoti yakilalamika.

"Bibi, sijamaliza uso."

"Uso wa nini? Chora hivi," alisema, akawageuzia mgongo wote, yeye na Columbus na Louisville, koti na kofia na kila kitu, akatoka jikoni, akaingia kwenye ukumbi wa baridi usio na hita, akauvuta mlango mpaka kitasa kikalia.