Tumbo la Saruji

Watu wa sokoni walimwita Fundi Maganda, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka sita alikuwa mlezi wa tangi la saruji lililofukiwa nyuma ya soko, mgongo wake tu ukichomoza juu ya ardhi. Tangi hilo lilimeza maganda, mboga zilizonyauka na matunda yaliyooza, likatoa gesi. Gesi ilipita kwenye bomba chini ya barabara hadi kituo cha afya cha jirani, na huko ilipasha maji ya kuogeshea watoto wachanga.

Mkewe, mwalimu mstaafu wa chekechea, alikuwa na jina lake mwenyewe la lile tangi. Aliliita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu ameshindaje?" aliuliza kila Fundi aliporudi kazini.

"Hajambo, anakusalimu."

"Salamu zake abaki nazo. Mwambie akinirudishia mume, amrudishe akiwa hanuki."

Waliishi hivyo, kwa utani, mpaka Mwalimu alipougua tumbo. Alifanyiwa upasuaji, akakatwa kipande cha utumbo, akarudi nyumbani mwepesi kama nguo iliyoanuliwa kambani.

Fundi aliingia jikoni mwenyewe. Alipika, akajaza bakuli pomoni, akaketi mbele ya mkewe macho yakiwa kwenye kijiko.

"Kula, mke wangu. Daktari amesema upate nguvu."

"Nimeshiba."

"Vijiko viwili ndiyo kushiba? Ongeza kidogo tu."

Mwalimu aliongeza ili kumridhisha, kisha akavitapika vyote kwenye beseni, mkono mmoja ukiwa umeshika mshono, macho ameyafumba. Fundi alisafisha beseni, akarudi jikoni, akapika tena. Hakujua afanye nini kingine.

Wiki hizohizo kituo cha afya kilifungua wodi ya pili ya wazazi. Meneja wa soko, mwanamke asiye na maneno mengi, alimfuata Fundi kule nyuma.

"Wanataka gesi mara mbili ya hii. Tunaweza?"

Kichwa cha Fundi kilikuwa nyumbani. "Tunaweza," alijibu, hata hajafikiri.

Ikapatikana njia. Kiwanda kimoja cha maji ya matunda kilikuwa na makapi ya machungwa ambayo hakikujua pa kuyatupa, kikaleta lori zima. Kwa kawaida tangi lilipewa ndoo ishirini kwa siku, za mchanganyiko wa kila kitu kilichobaki sokoni. Safari hii Fundi alimimina machungwa matupu, kutwa nzima, siku mbili mfululizo, akiwaza kumaliza haraka ili awahi kumpa mgonjwa wake chakula.

Mwanzoni gesi ilipanda. Mhudumu wa wodi alimpigia simu kumsifu: "Fundi, leo moto unanguruma!" Siku ya nne alipiga tena, sauti imebadilika. Moto ulikuwa wa manjano na sufuria zilijaa masizi. Siku ya tano haukuwaka kabisa.

"Nimerudi kwenye mkaa," mhudumu alisema. "Moshi umetanda, wazazi wanakohoa. Tufanyeje?"

Fundi alifungua mdomo wa tangi. Siku zote lilinuka kama zizi la ng'ombe. Sasa harufu ilipanda kali kama siki, ikamtoa machozi. Alichovya karatasi ya kupimia uchachu, ikageuka nyekundu papo hapo. Hapo alielewa. Wale vijidudu wasioonekana, ambao ndio hasa wanaotengeneza gesi, alikuwa amewazidishia chakula mpaka uchachu ukawalemea.

Meneja alikuja, akaziba pua, akasikiliza maelezo yote. "Nakupa wiki moja," alisema. "Lisipowaka tunalikausha, na taka zirudi dampo kama zamani. Siwezi kulaza mlima wa maganda katikati ya soko, Fundi. Unajua mwenyewe."

Alijua. Alirudi nyumbani mchana ule, akaegemea mlango wa chumba. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani kando ya dirisha, mto mgongoni.

"Mbona umepauka hivyo? Mke mwenzangu amekufukuza?"

"Anaumwa," Fundi alisema.

Mwalimu aliacha utani. Akamtaka aketi, amweleze tangu mwanzo. Fundi akaeleza: wodi mpya, lori, machungwa.

"Ndoo ishirini ndicho chakula chake," Mwalimu alirudia polepole, kama anayehakikisha hesabu ya mtoto. "Wewe ukampa lori."

"Walitaka gesi, Mwalimu."

Mwalimu akamtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwanza Fundi alidhani ni maumivu. Kumbe anacheka. Alicheka huku amejikumbatia tumbo, machozi yanamtoka, kicheko ambacho Fundi hakukisikia tangu kabla ya hospitali.

"Usinichekeshe, mshono utafumuka!"

"Sijakuchekesha mimi."

"Maskini mwenzangu! Kumbe siko peke yangu."

Maneno yale yalimchoma. Alifungua kinywa ajitetee, jicho lake likaangukia bakuli la mchana, juu ya meza ndogo. Lilikuwa limejaa vilevile, juu pamefanya utando.

"Kwani mimi nakulisha vibaya?" aliuliza.

"Unanilisha kwa hofu," Mwalimu alisema taratibu. "Unanikodolea macho kama kijiko hicho ndicho cha mwisho. Nami nameza ili usilie."

"Mimi silii."

"Unalia jikoni. Vitunguu gani hivyo vya asubuhi, mchana na jioni?"

Fundi aliinama, akaitazama mikono yake. Miaka thelathini na minane walikuwa pamoja, na wiki tatu hizi zote hakuwa amemuuliza swali hata moja.

"Haya. Unataka nini?"

"Uji mwepesi. Si bakuli. Kikombe, tena nusu. Halafu utoke nje, usinitazame mdomoni. Nikikuhitaji nitakuita."

Alifanya hivyo. Alikaa kibarazani, sikio lote liko ndani. Alisikia kijiko kikigonga kikombe, kikatulia, kikagonga tena. Alisubiri beseni liburutwe. Halikuburutwa. Baada ya muda mrefu sauti ikatoka dirishani:

"Fundi! Uji umebaki?"

Aliruka kama aliyekalia moto. "Umebaki!"

"Basi ufunike. Nitakunywa baadaye."

Kesho yake lori jingine la machungwa lilimkuta amesimama langoni. Akamwelekeza dereva uwanjani nyuma ya ua, makapi yakatandazwa na kuchanganywa na majani makavu, yageuke mboji taratibu. Tangi lenyewe hakulilisha kitu siku mbili. Siku ya tatu alikwenda machinjioni, akaomba ndoo mbili za samadi mbichi ya ng'ombe, yenye vijidudu wapya, bado ina joto. Aliikoroga na maji vuguvugu na chokaa kidogo ya kupunguza uchachu, akaimimina polepole, akasikiliza. Karatasi ilitoka nyekundu. Siku ya nne ikawa ya chungwa. Siku ya tano haikubadilika, na Fundi alishinda akilizunguka tangi kama baba mlangoni mwa chumba cha kujifungulia.

Nyumbani aliendelea na nusu kikombe. Ikawa kikombe. Siku ya sita Mwalimu aliomba yai.

Siku ya saba Meneja alifika asubuhi. Fundi alikuwa na jiko dogo la majaribio kando ya tangi. Akafungua valvu, akawasha kiberiti. Hakuna. Akawasha cha pili. Mwali ukachipuka, mdogo kama ukucha, rangi ya bluu.

"Huo utachemsha nini?" Meneja aliuliza.

"Leo, kikombe kimoja."

Alidhani Meneja atageuka aondoke. Badala yake Meneja alivuta kreti tupu, akaketi. "Kichemshe basi."

Ilichukua karibu nusu saa. Simu ya Meneja iliita mara tatu, hakuipokea. Viputo vilipoanza kupanda ndani ya kisufuria, alisimama, akapangusa sketi yake.

"Endelea," alisema. "Nitawaambia wa wodi ya pili wasubiri. Fedha za tangi la pili nitaziomba mimi. Hili usilizidishie tena, hata nikikuomba mimi mwenyewe."

Ilichukua mwezi mzima moto kurudi ulivyokuwa. Siku bomba lilipofunguliwa tena, mhudumu wa wodi alipiga simu lakini hakusema kitu. Alimwekea Fundi simu karibu na karai, asikie mtoto akilalamikia kuoga.

Mwalimu naye alirudisha mwili, kidogo kidogo. Alipoweza kukaa mezani, alimuuliza Fundi ni kitu gani kinachomsumbua zaidi kazini. Fundi akasema ni mifuko ya plastiki: wauza mboga waliitupa pamoja na maganda, na yeye alishinda akiichomoa kwa mkono.

"Niletee ndoo na rangi," Mwalimu alisema.

Kwenye ndoo za kijani alichora ndizi iliyomenywa. Kwenye za bluu alichora chupa na mfuko. Kisha akataka azipeleke mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumzuia. Wakapita meza kwa meza, Fundi amebeba ndoo, Mwalimu anaeleza. Muuza nyanya mmoja, jitu la mwanamke lenye sauti ya kuamsha mtaa, alitupa mfuko kwenye ndoo ya kijani mbele yao.

"Hebu nisaidie, mwanangu," Mwalimu alimwambia kwa upole uleule wa darasani. "Hii ni picha ya nini?"

"Ndizi, mwalimu," muuza nyanya alijibu, akaona haya, akaangua kicheko, akautoa mfuko.

Katikati ya soko Mwalimu alisimama, akashika mkono wa mumewe.

"Umechoka?" Fundi aliuliza.

"Nimechoka."

"Turudi?"

"Nani amesema turudi? Nimesema nimechoka."

Fundi akageuza ndoo moja chini juu, mkewe akaikalia. Yeye akasimama upande wa jua, kivuli chake kikamfunika, na hakumuuliza watakaa hapo mpaka lini.