Neno Ambalo Deus Hakulisema

Deus alifia hospitali, Ifakara, Jumanne asubuhi, na kabla maiti haijafikishwa nyumbani kwa dada yake Theodosia, kijijini Mbingu, habari ilikuwa imekwisha kutangulia: yule mkana Mungu wa mashine amekufa. Wapo waliosema hivyo kwa sauti ile ile wanayotumia kusema mvua imekatika.

Theodosia aliposhuka kwenye gari alikuta uwanja wake mtupu. Hakuna turubai, hakuna moto, hakuna hata mwanamke mmoja kwenye mkeka. Mbingu, msiba ukitokea, wanajumuiya huwa wameshafika kabla ya mfiwa, wanawake na masufuria yao, wanaume na majembe. Siku hiyo waliompokea ni kuku tu. Dereva na utingo wake walimsaidia kuingiza jeneza chumbani, wakaondoka haraka.

Hakushangaa. Deus alibatizwa kama watoto wote wa baba yao, mzee Theodori, akapata kipaimara, akaimba kwaya. Kisha akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Huko aliishi kambini na watu wa kila mkoa na kila dini, na kila kundi lilimvuta pembeni likamnong'oneza kwamba makundi mengine yanakwenda motoni. Aliporudi Mbingu na kufungua mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa hasali popote. Aliyemuuliza alijibiwa wazi kwamba Mungu hayupo.

Angenyamaza, watu wangemvumilia, maana wasioonekana kanisani ni wengi. Lakini Deus hakuumbiwa kunyamaza. Ijumaa Kuu moja, Njia ya Msalaba ilipokuwa inapita mbele ya mashine yake, aliwasha injini akaanza kukoboa, waumini wamepiga magoti vumbini na sauti ya katekista haisikiki tena. Wiki hiyo hiyo mlango wa mashine ulipakwa kinyesi cha ng'ombe na mtu akaandika SHETANI kwa mkaa. Deus aliosha kinyesi, neno akaliacha. Kina mama wakawa wanabeba mpunga wao kwenda mashine ya mbali. Theodosia mwenyewe, aliyekuwa katibu wa jumuiya, aliacha kula nyumbani kwa mdogo wake. Wakikutana barabarani ilikuwa "Shikamoo dada," "Marahaba," basi.

Ila figo za Deus ziliposhindwa, hakuwa na mke wala mtoto, na ni Theodosia aliyempeleka hospitali na kukaa naye mpaka mwisho.

Mchana ule katekista Donati alifika pamoja na Balbina, mwenyekiti wa jumuiya. Walikaribishwa viti, wakasema watasimama.

"Pole sana, Mama," Donati alianza. "Tumekuja tuyamalize vizuri. Wanaume wako tayari kuchimba, wanakwaya wako tayari. Tunataka kujua jambo moja tu. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alitubu?"



"Hata kama hakumaliza maneno," Balbina akadakia. "Hata kama aliitikia kwa kichwa tu. Wewe sema aliitikia kwa kichwa, mengine tuachie sisi."

Aliwaelewa. Walikuwa wanamfungulia mlango. Akisema ndiyo, uwanja ungejaa kabla jua halijazama, na Deus angelazwa makaburini karibu na baba yao. Lakini aliona pia jinsi macho ya Balbina yalivyochangamka. Jumapili ingehubiriwa jinsi mkana Mungu alivyolia akimwita Mungu, na Deus asingekuwepo kubisha.

Akaikumbuka siku ile wodini. Alikuwa amemaliza rozari kando ya kitanda, Deus akimsikiliza bila kumkatiza. Akamwinamia. "Sema tu 'Mungu nihurumie'. Sema kwa ajili yangu." Deus alilamba midomo iliyokauka. "Nikisema nitakuwa nakudanganya, dada. Sitaki tuagane hivyo." Theodosia aliuachia mkono wa mdogo wake, akatoka nje akalia kwa hasira, akitamani kumzaba kofi mgonjwa. Alirudi kwa sababu mtu alimwita kwamba ndugu yake anataka maji.

"Hakutubu," alisema. "Nilimwomba, akakataa. Alikuwa na akili zake zote."

Donati alishusha pumzi. "Mama, fikiria vizuri unachokisema."

"Nimefikiria, mwalimu. Amri ya nane, usiseme uongo, ulinifundisha wewe."

"Basi mzike na kuku wako," Balbina alisema. "Na sanamu ya Bikira Maria naichukua sasa hivi. Haiwezi kukaa nyumba moja na maiti ya namna hiyo."

Ulikuwa mwezi wa rozari, sanamu ilikuwa ikizunguka nyumba hadi nyumba, na wiki ile ilikuwa kwa Theodosia. Alisogea akasimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo.

"Zamu yangu inaisha Jumamosi. Njoo Jumamosi."

"Unanizuia?"

"Pita, Balbina. Nisukume upite."

Balbina alimtazama, akatema mate pembeni ya kizingiti, akaondoka. Donati akamfuata.

Kesho yake asubuhi hakuja mtu. Theodosia alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, kando ya migomba, akaanza kuchimba mwenyewe. Udongo mweusi ulinata kwenye jembe na kumchelewesha. Watu walipita barabarani wakipunguza mwendo. Kijana mmoja juu ya baiskeli alipaza sauti, "Chimba mpaka motoni, umsalimie." Wenzake wakacheka. Theodosia hakuinua kichwa. Moyoni alikuwa anamtukana Deus kuliko alivyomtukana kijana yule. Umeniachia watu hawa, alimwambia, wewe umelala.

Kaburi lilikuwa limefika magotini pikipiki mbili zilipoingia uwanjani. Aliyetangulia alijitambulisha kuwa ni Elineema, Mpare, aliyekaa chumba kimoja na Deus enzi za miwa. Alikuwa mlokole, na Biblia ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Alikuja na wenzake watatu.

"Tulibishana naye kila jioni," alisema akipokea jembe. "Alinichosha sana huyu mtu. Lakini nilipougua homa, ni yeye aliyenibeba."

Wakachimba, wakamaliza, wakateremsha jeneza. Elineema akavua kofia, akafumba macho. "Baba yetu uliye mbinguni, tunakuja mbele zako..."

"Usimwombee hapa," Theodosia alisema.

Elineema alifumbua macho. "Mama, siwezi kumfukia mtu kama mzoga."

"Na mimi siwezi kumsemea alichokataa kusema."

"Nimeacha kazi, nimesafiri kuja huku, halafu unanifunga mdomo?"

"Nakushukuru kwa kuja. Lakini hapana."

Walisimama wakitazamana juu ya kaburi, wote wawili wana matope na hasira. Wale wengine waliangalia majembe yao. Hatimaye Elineema aligeuka, akaenda mpaka nje ya migomba, akaomba huko peke yake kwa sauti iliyosikika vizuri tu. Theodosia alimwacha. Aliokota donge la udongo.

"Huyu ni Deus, mtoto wa Theodori," alisema. "Alikuwa mkaidi. Alitukera, na mengine alitukera kwa makusudi. Mimi hakunidanganya."

Akalitupa, wakafukia. Elineema alikuja kusaidia mwishoni. Walipomaliza walinawa, wakakataa uji, wakawasha pikipiki zao.

Jumamosi Balbina alikuja na wanawake wawili kuchukua sanamu. Aliifuta kwa kitambaa kuanzia kichwani mpaka miguuni mbele ya Theodosia, taratibu, ndipo akaifunika. Akasema jumuiya imepata katibu mwingine. Theodosia alijibu kwamba amesikia.

Jumapili alivaa kitenge chake kizuri, akaenda misa ya kwanza, akakaa benchi lake la siku zote. Waliokuwa wamekaa hapo walihama mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, alinyoosha mkono kwa mwanamke wa benchi la mbele. Mwanamke akautazama ule mkono, akageuka. Theodosia aliurudisha mapajani.

Baada ya komunyo alipiga magoti kama kawaida yake, akawaombea watu kwa majina, nyumba kwa nyumba, kuanzia ya kwanza barabarani. Alipomfikia Deus alisita, kisha akamtaja, akamwambia Mungu kwamba ombi hili ni lake yeye Theodosia, marehemu asihesabiwe kuwa ameomba chochote. Akaendelea. Alipofika nyumba ya Balbina aliuma meno, akijaribu kulitaja jina. Halafu akairuka, akaenda nyumba inayofuata.