Mashine ya Kula

Akech hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mtu wa cherehani. Alikuja Kampala kutoka Kisumu na mume mfanyakazi wa reli, mume akafa, naye akabaki mtaa wa Kyebando akishona sare za shule na kumlea binti yake mmoja, Moreen. Kompyuta ilikuwa ya Moreen. Ofisi yake ilipobadilisha vyombo, ile kuukuu alipewa yeye, akaileta nyumbani imefungwa kwa shuka kama mtoto mchanga na kuiweka mezani kando ya cherehani.

Mwezi wa kumi Moreen alimweleza mama yake jambo fulani. Wako wataalamu huko Ulaya, alisema, wanaotafuta njia ya kuizuia malaria. Hesabu zao ni nyingi kuliko mashine walizo nazo. Basi huzikata vipandevipande, na mtu yeyote mwenye kompyuta nyumbani anaweza kuomba kipande, mashine yake ikakifanya wakati yeye haitumii, kisha ikarudisha jibu.

"Na wanakulipa nini?" Akech aliuliza.

"Hawalipi, Mama. Ni kama jirani akiwa na gunia la maharage ya kuchambua. Unakaa naye, unachambua fungu lako, unakwenda zako."

Hapo Akech akaelewa.

Kipande alichopewa Moreen kilikuwa kikubwa, na mashine yenyewe ilikuwa mzee wa kukohoa. Umeme ukikatika ilikaa kimya, ukirudi ikaendelea ilipoachia. Juu ya kioo kulikuwa na namba iliyopanda polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kwa kuwa kazi ilimpeleka Gulu mara kwa mara, Moreen alibandika karatasi ukutani: *Mama, usiizime. Ikifika mia, chomeka modemu, bonyeza Tuma. Mwisho ni tarehe 28 mwezi wa pili.*

Desemba alirudi kutoka Gulu na homa. Siku ya nne malaria ilipanda kichwani. Siku ya sita Akech alikuwa ndani ya gari linaloelekea Kisumu, na jeneza liko nyuma yake.

Alikaa kwao majuma matatu. Aliporudi na kufungua mlango alisikia mashine ikiunguruma. Namba ilikuwa hamsini na nne. Mezani palikuwa na sufuria ya kukinga maji ya paa, na kompyuta ilivikwa kanga, uso tu ukabaki nje.

Aliyefanya hivyo ni Nalongo, jirani yake Mganda, mama wa pacha, aliyeachiwa ufunguo. Nalongo hakujua ile mashine inafanya nini. Alijua tu kwamba marehemu alisema isizimwe.

"Mvua ilikuja mbaya, nnyabo, mama yangu," alisema. "Mimi nalala hapa siku mbili, naishika."

Tangu hapo Akech aliishi kwa ile namba. Aliamka akaitazama, akashona, akaitazama tena. Haikuwa ahadi ya kumrudisha mtu, hilo alilijua. Lakini ilikuwa kazi ya mwisho ambayo mtoto wake aliishika kwa mkono wake, nayo ilikuwa bado haijakwisha. Alitaka jambo moja tu katika dunia hii: ifike.

Nyumba tatu zilitumia mita moja ya umeme, na wenzake wangeweza kulalamika. Hawakulalamika. Nalongo, alipoelezwa kwamba inafanya hesabu za watu wa Ulaya, aligeuza jambo lile kuwa mzaha. Kila akipita mlangoni alichungulia na kuuliza, "Haijashiba tu?"

"Bado, Nalongo. Leo ni sabini na moja."

"Ai. Hiyo ni tumbo ama shimo?"

Ukaja msimu wa kampeni. Magari ya vipaza sauti yalizunguka Kyebando tangu asubuhi. Na kwa kuwa wengi hapo huchanganya la na ra, vipaza sauti vilitangaza: "Ijumaa mje wote, mpige kula!"

"Mnatuita tuje na sahani?" Akech alimtania Nalongo.

"Nyie Wakenya mnajua kupiga kula?" Nalongo alimjibu. "Mwaka ule mlipigana nyie wenyewe."

Walicheka wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza Akech kucheka tangu mazishi, na Nalongo aliliona hilo, akamshika bega.

Jumapili hiyo walikuwa bombani wakingoja maji. Karibu nao vijana wawili wenye fulana za chama walikuwa wakiosha pikipiki. Mama mmoja aliuliza mbona nyumba ya Akech hainyamazi, inavuma kama nyuki.

"Ile kompyuta," alisema Nalongo kwa sauti yake kubwa, akiwaangalia wote ili wafurahi. "Ile si ya kuandika. Ile ni mashine ya kula tu! Usiku na mchana. Na yote inapeleka Ulaya."

Watu wakacheka. Akech naye akacheka. Vijana wa pikipiki hawakucheka.

Jumanne saa nne asubuhi, namba ikiwa tisini na tatu, watu wawili walisimama mlangoni pamoja na Fadhul, mwenyekiti wa mtaa. Hawakuwa na sare wala hawakusema majina yao. Fadhul aliangalia viatu vyake.

"Tumeambiwa hapa kuna mashine ya kura," alisema mmoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi, kimenyooka.

"Kura? Hapana, baba. Hii ni ya marehemu binti yangu. Inafanya hesabu."

"Inahesabu nini?"

Akech alijitahidi kusema kama Moreen alivyosema. "Watu. Na mbu. Watu wangapi wataumwa, wangapi watapona."

"Watu wa wapi?"

"Wa kila mahali."

"Na hesabu inakwenda wapi?"

Akech hakuzoea kusema uongo. "Ulaya," alisema.

Yule mtu alimgeukia mwenzake, kisha akamtazama Akech. "Nani anakulipa?"

"Hakuna. Tunajitolea."

"Mkenya," alisema mtu yule taratibu, "anaiwekea mashine umeme usiku na mchana, inahesabu watu wetu, inapeleka Ulaya, wiki ya uchaguzi. Bure."

Hakuna neno alilosema Akech ambalo halikumzamisha zaidi. Aliwaonyesha karatasi ya ukutani. Wakaibandua, wakaichukua nayo, maana ilikuwa na tarehe. Alipoona mkono unakwenda kwenye waya alisema, "Baba, nakuomba, siku tano tu. Itafika mia. Kaeni nayo hapahapa, niwapikie." Waya ukang'olewa, mashine ikabebwa. Ule mvumo aliokuwa amelala nao kwa miezi ukakatika, na nyumba ikawa kubwa ghafla.

Nalongo alifunga kibanda chake cha ndizi. Kila asubuhi alikwenda na Akech kuidai mashine, wakiketi kwenye benchi nje ya ofisi moja, halafu nyingine. Alibeba uji kwenye chupa. Aliwagombeza makarani. "Huyu amezika mtoto," aliwaambia. "Nyie mna roho gani?" Watu wakapiga kura, matokeo yakatangazwa, magari yakanyamaza. Tarehe ishirini na nane ikaja ikapita, wawili hao wako bado benchini.

Tarehe kumi Machi, Fadhul aliileta kompyuta mwenyewe, ameikumbatia kifuani. "Hawakukuta kitu, Mama Moreen," alisema. "Nisamehe. Niliogopa." Akech alimpa kiti na chai. Si wengi wanaokuja kusema waliogopa.

Alichomeka waya. Mashine ikakohoa, ikaanzia palepale tisini na tatu. Tarehe alikuwa anaijua vizuri. Alingoja hata hivyo. Labda watu wa Ulaya nao hujua kungojana. Siku ya sita ikafika mia. Alichomeka modemu, akabonyeza Tuma, akasoma jibu kwa Kiingereza chake kidogo, kidole kikifuata kila neno: jibu limechelewa, kipande hiki kimekwisha kufanywa na mwingine, halitahesabiwa, asante kwa kujitolea. Chini yake palikuwa na jina la Moreen, na mbele ya jina, sifuri.

Alikuwa bado ameketi hivyo Nalongo alipoingia na matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba na mchuzi wa karanga. Alifungua, mvuke ukapanda.

"Kula, Mama Moreen," alisema. "Hujakula tangu jana. Kula."

Mkono wa Akech ulisimama juu ya sahani. *Mpige kula. Mashine ya kula tu.* Aliliona bomba, pikipiki, wale vijana wawili wasiocheka. Alilisikia neno likitoka katika mdomo mmoja likiwa chakula na kuingia katika masikio ya wengine likiwa kura.

"Wale watu wabaya," Nalongo alikuwa akisema. "Nani aliwapelekea maneno? Nikimjua, huyo mdomo nitaupasua mimi."

Akech alimtazama: kanga aliyojifunga ndiyo ile aliyoivika mashine wakati wa mvua. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akatia tonge mdomoni, akalimeza neno pamoja na tonge.

"Hutamjua," alisema.

Alipomaliza kula alinawa, akauzima mtambo kwa kidole chake mwenyewe. Nalongo alisikiliza ukimya ule, akachungulia meza kama alivyozoea.

"Leo imeshiba?"

"Imeshiba, Nalongo," alisema Akech. "Imeshiba."