Tafsiri Yote, Gaëlle

Orpha alikuja kujaribu sketi yake Jumanne mchana, na alipoingia tu dukani akaanza kucheka. Alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa benki, mteja wa Victorine, fundi cherehani, kwa miaka mitano, na si mtu wa kucheka ovyo.

"Mama Gaëlle, kumbe umekuwa staa na hutuambii!"

"Staa wa nini?"

Orpha akatoa simu. Kicheko kilimkatika alipouona uso wa Victorine. Alidhani mwenzake anajua.

Kwenye video Victorine alikuwa jikoni kwake hapo Malvern, mtaa wa Johannesburg, kitambaa cha kulalia kichwani, anaongea na friji. Alikuwa akijizoeza Kiingereza cha mahojiano. Shule moja ya binafsi ya wasichana, upande wa kaskazini wa mji, ilikuwa imemwita yeye na binti yake Gaëlle kuhusu ufadhili wa miaka mitano ya sekondari, kuanzia darasa la nane, na mzazi naye angeulizwa maswali. Badala ya kuliambia friji kwamba ameipanga fyucha ya mwanawe, maisha yake ya mbele, alisema amempangia fanicha. Fanicha ya binti yangu nimeipanga tangu azaliwe. Video ililirudia neno hilo mara sita, ikawekewa na ngoma. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza: Huyu ndiye anayetunyang'anya simu. Watu elfu arobaini walikuwa wameshaitazama. Mmoja aliuliza kama mama anauza na makochi.

"Irudie," Victorine alisema.

"Achana nayo, dada."

"Irudie, nimesema."

Akaitazama mara tatu. Kisha akapiga magoti, akalikunja pindo la sketi ya Orpha, akachomeka pini moja baada ya nyingine.

Alijua chuki ile ilikotoka. Baada ya Pasaka alikuwa ameweka sheria nyumbani: saa moja jioni simu zote zinaingia kwenye kopo la nyuzi, yake, ya Gaëlle, na ya mumewe Firmin siku asizokuwa kwenye zamu ya ulinzi, na hazitoki mpaka asubuhi. Televisheni ni Jumamosi tu. Firmin alinung'unika wiki nzima kwa ajili ya mpira, halafu akazoea. Gaëlle, mwenye miaka kumi na mitatu, alilia na kugoma kula, na jioni ya tatu akamwambia mama yake kwa Kiingereza, lugha pekee aliyokubali kuisema, kwamba iko siku atajuta. Victorine aliyachukulia kuwa maneno ya mtoto mwenye njaa.

Firmin alipoonyeshwa video alikwenda moja kwa moja kutafuta nyundo aivunje simu ya binti yake.

"Iache," Victorine alimwambia. "Na mtoto usimguse."

"Mama Gaëlle, amekufanya kichekesho kwa dunia nzima!"

"Ni mimi alinifanyia. Ni mimi nitamlipa."

Saa moja ilipofika Gaëlle alileta simu yake kwa uso wa kununa. Victorine alilifunika kopo kwa kiganja.

"Leo kaa nayo."

Msichana alisimama pale, simu mkononi, akimtazama mama yake kama anayetazama mbwa aliyeacha kubweka ghafla. Siku zilizofuata mambo yalikuwa vilevile. Victorine alimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, alimpigia pasi sare, alimuuliza habari za shule. Alhamisi Gaëlle hakuvumilia tena.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa."

Na kweli alikuwa akijizoeza tena, kimyakimya, mgongo ukiwa ukutani. Safari hii hakikuwa Kiingereza.

Ijumaa saa nane, kule shuleni, walikalishwa mbele ya watu watatu: mwalimu mkuu, aliyekuwa mama wa makamo wa Kihindi mwenye sauti ya upole; mwalimu mzee wa hesabu; na msichana wa ofisini aliyekuwa akiandika. Mwalimu mkuu aliwakaribisha, akamuuliza Victorine anaionaje miaka iliyo mbele ya binti yake. Victorine alielewa kila neno. Alikuwa ameishi Johannesburg miaka kumi na sita na masikio yake hayakuwa na shida, ulimi ndio uliokuwa ukimsaliti. Akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu, kwao Kongo, taratibu, kisha akamgeukia Gaëlle.

"Tafsiri."

"Mama," Gaëlle alinong'ona, "si ulijifunza? Sema tu mwenyewe."

"Tafsiri."

Mwalimu mkuu alisema hakuna neno, mtoto asaidie. Basi Gaëlle akaanza, kwanza kwa haya, halafu kwa sauti iliyokuwa ikipanda, kwa sababu mama yake alikuwa akimsifu. Alieleza kuhusu daftari ambalo Victorine amekuwa akiandika tangu bintiye alipokuwa chekechea, anachopenda, anachoogopa, maswali anayouliza. Alieleza alivyofundishwa hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa kukata kitambaa. Na kwamba mama anataka awe mhandisi wa barabara, kwa kuwa alipokuwa na miaka saba aliuliza kwa nini Jules Street inajaa maji kila mvua ikinyesha, na hakuna mtu mzima aliyeweza kumjibu. Mwalimu wa hesabu aliitikia kwa kichwa kwa furaha.

"Sasa waambie," Victorine aliendelea, "kwamba nilijizoeza Kiingereza mwezi mzima kwa ajili yao. Waambie ulijificha mlangoni ukanirekodi. Waambie uliandika nini juu yake."

Gaëlle akawaambia wale watu kwamba mama anaishukuru shule na ameipenda bustani.

"No," Victorine alisema. Neno hilo hakuwahi kulikosea. "Tafsiri yote, Gaëlle."

Gaëlle akatafsiri. Sauti ilikuwa ndogo, na mwalimu mkuu akamwomba arudie, akarudia. Victorine alisikia utamu ukimpanda kifuani, utamu mkubwa kuliko alivyotarajia. Kila bintiye alipofika mwisho wa sentensi, yeye alimwongezea nyingine: idadi ya watu waliotazama, yule wa makochi, mteja aliyeingia dukani akicheka. Angeweza kuishia hapo. Hakutaka.

"Toa simu. Waonyeshe."

Wakaitazama wote watatu, vichwa vimekaribiana. Fanicha ya nne ilipopita, mwalimu wa hesabu aliuma mdomo asicheke. Msichana wa ofisini aliinamia karatasi zake na mabega yakamtikisika. Victorine aliyaona mabega yale. Hilo hakuwa amelipanga, na masikio yalimwaka moto.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimrudishia Gaëlle simu, akamuuliza kwa nini alifanya vile.

Gaëlle alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Alinichukulia simu. Nilitaka aumie." Akaigeuza simu kiganjani. "Neno lenyewe alilisema sawasawa mara nyingi. Hizo nilizikata."

Jibu hilo lilikuwa la Kiingereza, na hakuna aliyemwambia amtafsirie mama yake, aliyelielewa lote.

Barua ilikuja Septemba. Nafasi zimepewa wengine, shule inamtakia Gaëlle kila la heri. Sababu hawakuitaja. Firmin aliisoma mezani, akaikunja.

"Ulitaka kumwadhibu mtoto. Umeiadhibu miaka yake mitano."

"Hawakusema ni kwa sababu hiyo."

"Hawakusema."

"Na hata kama ni hiyo, ningefanya tena."

"Najua," Firmin alisema, akaisukuma sahani. "Ndiyo maana chakula hakipiti."

Kama kweli angefanya tena, Victorine mwenyewe hakuwa na hakika. Gaëlle aliifuta video Ijumaa ileile, lakini wengine walishaichukua, na kila kijana aliyepita mbele ya duka akiimba fanicha alimwamshia hasira upya, mbichi kama siku ya kwanza. Siku nyingine, akiwa kwenye cherehani, aliikumbuka sauti ile ndogo ikiambiwa irudie, na mguu ukasimama juu ya pedali.

Kopo la nyuzi lilirudi kazini. Gaëlle alitumbukiza simu yake kabla ya saa moja bila kukumbushwa, si kwa wema. Ni kama aliiogopa. Firmin alileta karata. Walicheza watatu, wakiongea yanayohusu karata tu.

Januari Gaëlle alitakiwa kuanza sekondari ya serikali ya karibu na nyumbani, na Victorine akamshonea sare. Alimsimamisha juu ya kiti, akampima kiuno, akampima mabega. Tangu mahojiano yale ya Agosti hawakuwa wamegusana namna hiyo.

"Simama wima."

Gaëlle akasimama wima. Kisha, kwa Kiswahili kibovu, cha mtoto anayekisikia kila siku na hakisemi, akauliza:

"Wewe bado nachukia mimi?"

Victorine alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Kidogo," alisema. "Inapungua."

"Mimi pia," Gaëlle akasema. "Kidogo."

"Inua mkono," mama yake akamwambia, "nione kama kwapa linabana."