Wagonjwa Watatu kwa Wiki

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba bweni letu lilikuwa kielelezo cha nidhamu, usafi na afya. Choo kilikuwa kimeziba tangu Jumapili.

Jumatatu alfajiri Profesa, tuliyemwita hivyo kwa kusoma hata makaratasi ya kufungia sabuni, aliinama kutafuta ndala zake chini ya kitanda. Akatafuta, akahema, akatafuta tena. Alikuwa amezivaa.

"Miguu siisikii," alisema. Mgongo nao ulikuwa ukimwaka moto.

Tukamkokota hadi kwa metroni. Kanuni ya shule ni wagonjwa watatu kwa wiki kila bweni, kwa sababu mwalimu mkuu hubandika mahudhurio ukutani wakaguzi wayaone. Watatu wa wiki hiyo walishaandikwa tangu Jumapili jioni; mmoja wao alikuwa anasukwa nywele.

"Wa nne tena?" Metroni alichomoa pini yake ya kupimia wavivu, akamchoma Profesa unyayoni. Unyayo haukucheza. Akachoma tena, tone la damu likatoka. Profesa alikuwa akitazama dirishani.

"Umeshaanza, metroni?"

Metroni akacheka. "Loo, umefuzu, binti! Mgonjwa wa kweli hupiga kelele. Anayejikaza hivi ana lake. Haya, paredi!"

Jumanne alisimama paredi akining'inia mabegani mwetu. Jumatano alilowesha godoro bila kujua, akaadhibiwa kulifua. Alhamisi alianguka kwenye ngazi, ndipo gari la kuni likampeleka hospitali.

Jumamosi mama yake alikuja kuchukua sanduku.

"Daktari anasema utando unaozunguka uti wa mgongo umevimba, unabana mishipa. Ugonjwa wa nadra. Angefika Jumatatu, labda angetembea." Akawageukia metroni na mwalimu mkuu. "Nani alisema mwanangu anajifanya?"

"Mama, hawa wanafundishana kutoshtuka wakichomwa pini, ili wadhaniwe wagonjwa," metroni alisema. "Ningejuaje?"

"Anayewafundisha ni nani?"

Nilikuwa nimeshika sanduku upande mmoja. Metroni alinikazia macho. Wenzangu wote wakatazama sakafu, na hiyo ilitosha kuninyooshea kidole.

"Ni mimi, mama. Unauma ulimi, unahesabu mabati. Nimefundisha bweni zima. Yeye peke yake alikataa kujifunza."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Akafungua kitabu cha makosa, akaandika jina langu kwa mwandiko mzuri.

Mama hakunitazama usoni. Alikuwa akiitazama miguu yangu.