Zana Iitwayo Ondoa

Saa nne kasorobo kila asubuhi Mama Chai aliingia ofisini kwa mlango wa jikoni, akaweka chupa ya chai mezani, akapanga vikombe sita, na kumsogezea Ndanu kile chenye ua la samawati, kwa kuwa siku moja alimwona amekishika muda mrefu bila kunywa. Ijumaa hiyo chupa iliingia peke yake. Ilipita hewani usawa wa kiuno cha mtu, ikazunguka kiti cha Bwana Gichuru, ikatua. Vikombe vikafuata kimoja kimoja.

"Leo tangawizi ni mingi," ilisema sauti ya Mama Chai. "Mwenye vidonda vya tumbo asinilaumu."

Watu wakamimina. Bwana Gichuru, mwenye kampuni, alisema leo imechemka vizuri.

Ndanu aliinama chini ya meza kama aliyeangusha kalamu. Aliona viatu viwili vya plastiki, vimesimama kwa subira.

"Mama, uko wapi?" alinong'ona.

"Si niko hapa? Unaona viatu. Nimeamka hivi. Huyo Kiarie wa geti ameniweka nje dakika ishirini, ati yeye hafungulii viatu. Nikamwambia, na hizo gari huwa unafungulia, ziko na uso?"

Kampuni ilikuwa katika nyumba ya zamani ya Spring Valley, yenye nyasi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga. Iliuza kumbukumbu. Yaani, ilikuwa na akili mnemba iliyokumbuka mambo ya ofisi kwa niaba ya watu. Kila mtu na kila kitu kilikuwa fundo, na kila uhusiano ulikuwa uzi kati ya fundo na fundo. Gichuru hupenda chai. Chai hutoka kwenye chupa. Chupa hukaa jikoni. Ilikuwa na zana tano za kuongeza, kutafuta na kuondoa, na haikujua chochote kuhusu zana hizo ila maelezo iliyoandikiwa. Kuandika maelezo hayo ndiyo ilikuwa kazi ya Ndanu.

Kwa zana iitwayo Ondoa alikuwa ameandika nusu ukurasa. Bwana Gichuru aliamini kuwa kitu chenye akili hakifai kuelezwa kazi kana kwamba ni mfanyakazi wa nyumbani, akakata yote na kubakiza maneno mawili: Tumia inapofaa.

Ndanu alifungua rekodi za asubuhi. Alfajiri akili mnemba ilikuta fundo liitwalo Mama Chai, lisilo na jina la pili, lisilo na kwao, lisilo na uzi hata mmoja. Ikachunguza, ikaona chai hutoka kwenye chupa. Ikaona inafaa, ikaliondoa.

Alikwenda jikoni na kompyuta yake.

"Mama, jina lako kamili ni nani?" aliuliza akitazama sakafu. Alikuwa amekunywa chai ya mama huyo miaka miwili.

"Peres Nafula Were."

"Hapa hawajawahi kukuuliza?"

"Waliniuliza kama najua mandazi."

Kumbukumbu ilifungwa kila Ijumaa saa sita kamili. Aliyekuwa nje saa hiyo alibaki nje. Ndanu akaanza kufunga nyuzi. Peres Were huishi Mutuini: magoti yakarudi, na sketi juu yake. Ni mama wa Emmah, aliye kidato cha tatu: tumbo likarudi, kisha mikono miwili, moja kwa moja ikashika kitambaa na kupangusa sinki. Hulima sukuma wiki nyuma ya nyumba: mgongo. Huimba sauti ya pili kanisani: shingo yote.

"Na hapa ofisini uko na uzi na nani, Mama?"

Peres alifikiri. Kwa kuwa hakuwa na uso, ilichukua muda kujua kwamba amemaliza kufikiri.

"Hapa? Andika sufuria."

Ndanu aliandika Ndanu. Akili mnemba ikauliza ni uhusiano wa aina gani. Alifuta majibu matatu, akaandika: Hufanya kazi pamoja. Likarudi sikio la kushoto na kipande cha shavu.

Lakini Ondoa ilikuwa bado na maneno yake mawili, na akili mnemba ilikuwa imeanza kulitazama tena fundo la Peres. Ndanu akaandika maelezo upya. Zana hii humwondoa mtu pamoja na nyuzi zake zote, wala hazirudi. Usiitumie kwa kuwa tu mtu ana nyuzi chache. Huenda ni sisi ambao hatukumuuliza. Uliza binadamu kwanza.

Ni Bwana Gichuru pekee aliyeweza kuyapitisha. Walimfuata mezani kwake saa sita kasoro dakika kumi.

"Mama Chai, umepungua," alisema kwa adabu. Akasoma. "Ndanu, hii ni risala. Tunataka wepesi. Inapofaa inatosha."

"Inapofaa ni wakati gani, bosi?"

"Ni suala la ufanisi."

"Akili mnemba haijui, bosi. Hata mimi sijui." Hakuwahi kumuuliza maswali mawili kwa siku moja. "Ulimaanisha nini?"

Bwana Gichuru alizungumza juu ya mifumo, juu ya wateja, juu ya kwenda na wakati. Ndanu aliweka vidole kwenye kompyuta akisubiri kitu cha kuandika. Hakikuja. Zikabaki dakika mbili.

"Ulimaanisha nini, bosi?"

"Mtu akiondoka na kazi isisimame, asirudishwe!" alisema Bwana Gichuru. "Nilimaanisha hivyo tangu mwanzo. Lete hapa."

Aligeuza kompyuta, akaichapa sentensi hiyo mwenyewe, akaipitisha. Yalikuwa maelezo mazuri. Akili mnemba iliyaelewa mara moja. Saa sita ilipofika shavu lilienda, kisha shingo, mgongo na mikono, na kitambaa kikaanguka juu ya zulia.

Viatu havikuondoka upesi.

"Asante kwa kusema, Bwana Gichuru," ilisema sauti ya Peres Were. "Miaka sita nilidhani mmenisahau tu."